Injini Zinazofanana Utazitofautishaje kwa Macho? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wananunua injini ya used kwa kusoma maandishi ya juu ya kava tu. Wanaona VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu), wanaona TWIN CAM (kamshafti mbili), wanalipa, injini ikifika gereji fundi anainama dakika mbili anasema hii sio yenyewe. Inauma, maana karibu kila mara ile injini ilikuwa na alama zake wazi kabisa, tatizo hakuna aliyeangalia chini ya kava. Hapa nimekusanya maswali yale yale yanayojirudia. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndo inayochanganya watu wengi zaidi, lakini mbele kidogo nimegusa Honda, Subaru, BMW na VW pia.

Niangalie nini kwanza?

Bloku, kabla ya kitu kingine chochote. Kava ya juu ni nguo tu, inavuliwa na kuvalishwa kwa injini nyingine kwa bolti chache, na hata manifoldi, alteneta na waya vinahama. Bloku haihami, na ndiyo iliyogongwa namba kiwandani. Kwaiyo mpangilio wangu siku zote ni huu: kwanza namba iliyogongwa, alafu maandishi ya kwenye chuma chenyewe yaliyotoka na ukalibu, alafu vitu vigumu kuhamisha kama umbo la silinda hedi na upande wa taimingi (ule wenye belti au cheni), na mwisho kabisa kava na rangi.

Namba inakaa wapi, na mbona mimi siioni?

Huioni kwa sababu imefunikwa na oili iliyochanganyika na vumbi miaka yote hiyo. Kwenye injini nyingi iko kwenye kijisehemu bapa cha bloku kilichosawazishwa, mara nyingi karibu na pale injini inapoungana na gia boksi, au pembeni ya bloku chini kidogo ya gasketi ya silinda hedi. Chukua brashi ya waya laini na kitambaa chenye petroli au mafuta ya taa, sugua taratibu, usitumie tupa wala msasa maana utaharibu ushahidi na kwenye makaratasi itakuletea shida baadaye. Alafu usimulike tochi moja kwa moja, ilaze tochi pembeni ili mwanga upite juu ya chuma, hapo zile herufi zinatupa kivuli na zinasomeka hata kama zimechoka.

Namba ya kiwandani ina sura yake ukiikazia macho: herufi zimekaa kwenye mstari, kina chake kinakaribiana na uso wa chuma chini yake una mikwaruzo ile ile ya mashine kila mahali. Ukiona sehemu ya namba imeng'aa kuliko pembeni, au pamekuwa kama kibonde, au herufi moja imezama na jirani yake imeelea, hapo pameshikwa na mtu.

Plate ya kwenye bodi ya gari imeandikwa 1NZ-FE, si inatosha?

Haitoshi. Ile plate inakwambia gari ilitoka kiwandani na injini gani, haikwambii leo kuna nini chini ya boneti. Gari ikishabadilishwa injini plate inabaki vile vile. Itumie kulinganisha: kama plate inasema kitu kimoja na bloku inasema kingine basi umeshajua injini imebadilishwa, na hapo ndo unaanza kuuliza maswali.

Kwa nini mnasema kwa Toyota namba ya bloku haimalizi kazi?

Hapa ndipo watu wanapopigwa sana kwaiyo nitakaa kidogo. Toyota kwenye bloku wanagonga familia ya injini na namba yake ya mfululizo, ile mikia ya nyuma hawaigongi. Yani utakuta imeandikwa 3S kisha kistari kisha namba. Sasa hiyo 3S inaweza kuwa 3S-FE ya kawaida, inaweza kuwa 3S-GE, 3S-GTE ya turbo, au 3S-FSE ya D-4 (ya mafuta kuingia moja kwa moja kwenye silinda), zote ni cc 1998, pistoni milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Muuzaji anakuonyesha namba, unaona 3S kweli, unaridhika, kumbe ulichokuwa unataka kujua ni herufi ambazo hazipo pale.

Kwaiyo namba inakupa familia na ukubwa, mkia unausoma kwa macho kutoka kwenye vifaa vyenyewe. Herufi zikishakaa kichwani kazi inakuwa rahisi: F ni hedi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) mbili ya matumizi ya kawaida, zile kamshafti zimekaa karibu karibu. G ni hedi ya nguvu, kamshafti zimeachana. E ni injeksheni ya umeme. T ni turbo, Z ikikaa kwenye mkia ni supachaja. S kwenye FSE ni mafuta yanaingia moja kwa moja ndani ya silinda. X ni ile ya haibridi. Na kwenye dizeli, V ni ya komoni reli (bomba moja la presha linalogawia noza zote), kama 1KD-FTV.

Hedi ya F na hedi ya G natofautishaje bila kufungua?

Angalia upana, alafu angalia upande wa taimingi. Kwenye 4A-FE valvu zimeinama kidogo tu, pembe kati yao ni nyuzi 22 na kidogo, wakati 4A-GE ni nyuzi 50. Ndiyo maana FE ina hedi nyembamba yenye kava moja, plagi zimejipanga katikati ya hiyo kava. GE ina migongo miwili iliyoachana kabisa, katikati kuna bonde na plagi ziko ndani ya bonde.

Ukienda upande wa taimingi ndo unapata uhakika zaidi. Kwenye FE belti inazungusha kamshafti moja tu, ya pili inazungushwa na gia ndani ya hedi, kwaiyo ile plastiki ya juu inayofunika belti ina nafasi ya puli moja kubwa. Kwenye GE belti inazungusha puli mbili, na plastiki yake ni pana, unaona kabisa imefunika magurudumu mawili. Sheria hii hii inafanya kazi kwa 3S-FE na 3S-GE. Maandishi ya TWIN CAM 16 VALVE yasikudanganye, zote mbili ni twin cam na zote zina valvu 16, kwaiyo aliyeandika hakusema uongo ila hajakusaidia chochote.

1NZ na 2NZ zinafanana kila kitu, nifanyeje?

Soma namba, basi. Pistoni zote ni milimita 75, kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, 1NZ ni milimita 84.7 inakuwa cc 1496, 2NZ ni 73.5 inakuwa cc 1298. Hiyo tofauti iko ndani kwenye krenki, juu huoni kitu cha kukupa uhakika. Anayekwambia anazijua kwa kuangalia kava anabahatisha.

Na 1NZ na 1ZZ? Zote zina cheni, zote zina koili nne juu ya plagi.

Hizi zina alama nzuri ambayo watu hawaisemi sana. Kwenye 1ZZ tensheni ya cheni imefungwa kwa nje, ni kidude kidogo kilichoshikwa na nati mbili pembeni ya injini upande wa cheni, na mara nyingi utakiona kimelowa oili kwa sababu oringi yake ikizeeka inavuja. Kwenye 1NZ tensheni iko ndani, nyuma ya kava ya cheni, kwa nje hukioni hicho kidude. Mbali na hapo 1ZZ ni cc 1794 na ukiiweka karibu na 1NZ unaona kabisa ni kubwa zaidi.

Ila angalizo, ndugu zake 1ZZ yani 3ZZ ya cc 1598 na 4ZZ ya cc 1398 zote zina pistoni ya milimita 79 kama yeye, zinapishana mwendo tu. Hapo tunarudi kwenye namba. 2ZZ-GE ndiyo unaweza kuikamata kwa macho: ina valvu mbili za oili za umeme kwenye hedi, moja ya kuchezesha muda na nyingine ya kubadilisha kimo cha kufungua valvu, na kava yake ya kiwandani imeandikwa VVTL-i, ile L ndo ya kutafuta.

Nimeletewa 1NZ ya haibridi badala ya ya kawaida. Ningejuaje?

1NZ-FXE na 1NZ-FE namba zote zinaanza na 1NZ na cc ni zile zile 1496, kwaiyo kwa namba peke yake usingeweza. Angalia vitu vinavyokosekana. Injini ya haibridi haina alteneta wala stata, kazi hizo zinafanywa na mota za umeme za gari, kwaiyo upande wa belti uko mtupu na hakuna brakti ya alteneta, na mahali stata ilitakiwa kuingia hakuna kitu. Kwenye Prius ya kizazi cha pili hata kompresa ya AC ni ya umeme, belti imebaki na kazi ya pampu ya maji. Ukiona muuzaji anasema "alteneta tumetoa, utaweka yako", muulize matundu ya kufungia brakti yako wapi.

Na sio suala la alteneta tu. Kamshafti ya FXE ni ya mzunguko wa Atkinson, valvu za kuingiza zinachelewa kufunga, kwaiyo hata ukilazimisha kuifunga kwenye gari ya kawaida itakuwa nzito, nguvu hupati.

4A, 5A na 7A je?

4A na 5A zina mwendo sawa wa milimita 77, kwaiyo urefu wa bloku ni sawa na kwa nje ni mapacha. Tofauti ni pistoni, 81 kwa 4A na 78.7 kwa 5A, cc 1587 na cc 1498. Namba ndo hakimu. 7A ni habari nyingine, ina pistoni ile ile ya 81 ila mwendo ni milimita 85.5, cc 1762, na ili krenki hiyo ienee bloku yake imerefushwa kwenda juu. Ukiziweka 4A na 7A sambamba juu ya benchi utaona hedi ya 7A imekaa juu zaidi. Ndiyo maana pia belti ya taimingi ya 4A haiingii kwenye 7A, na kama fundi amejaribu belti na haifiki, asiilaumu belti kabla hajasoma bloku.

Nataka 4A-GE, naambiwa ziko za aina nyingi. Nisaidie.

Hii ni injini ninayoipenda kwaiyo vumilia maelezo. Kwanza gawanya mara mbili, za valvu 16 na za valvu 20.

Za valvu 20 ni rahisi: zina throtoli nne, kila silinda na ya kwake, zimejipanga pale manifoldi inapoingilia hedi. Ya kava ya rangi ya fedha ilianza 1991, ya kava nyeusi ilianza 1995. Lakini kwa sababu kava inapakwa rangi na yeyote mwenye kopo la spray, usiishie hapo. Ya fedha inapima hewa kwa mita ya hewa iliyo njiani kabla ya throtoli, ya nyeusi inatumia sensa ya presha ya manifoldi. Na midomo ya throtoli ya nyeusi ni mikubwa, milimita 45 dhidi ya 42, chukua rula au kalipa upime, ni kazi ya dakika moja.

Za valvu 16, angalia mlango wa hewa. Za mwanzo zina matundu makubwa na mfumo wa T-VIS, yani kati ya manifoldi na hedi kuna bamba lenye vipepeo vya kufunga nusu ya njia za hewa mzunguko ukiwa mdogo. Zilizofuata, kuanzia 1989, zina matundu madogo na T-VIS haipo kabisa. Alafu zunguka uangalie mbavu za bloku, yale matuta ya wima yaliyotoka na ukalibu. Bloku za mwanzo zina mbavu tatu, za baadaye zina saba. Anayejenga injini ya kukimbiza anatafuta mbavu saba kwa sababu kalio la fimbo kwenye krenki ni kubwa zaidi, na kwenye zile za matundu madogo hata pini za pistoni ni nene zaidi, milimita 20 badala ya 18. Mbavu hazipakwi rangi zikaongezeka, ndo maana nazipenda kama alama.

Injini ya D-4 naijuaje? Nimesikia inasumbua.

Hata kama huogopi D-4 lazima uijue, maana haiingiliani na ile ya kawaida hata kidogo. 1AZ-FE na 1AZ-FSE zote namba ni 1AZ na zote ni cc 1998. 3S-FE na 3S-FSE zote ni 3S. Tofauti ni mahali mafuta yanapoingilia.

Kwenye ya kawaida noza zinachoma kwenye manifoldi, unaziona zimejipanga chini ya reli nyembamba ya mafuta, nyingi zimeshikwa kwa oringi na klipu tu. Kwenye D-4 noza zinaingia kwenye hedi yenyewe, ziko chini zimejificha nyuma ya manifoldi. Ila kitu cha kutafuta ni pampu ya presha kubwa: ni kipande kizito cha chuma kilichofungwa juu ya hedi, kinasukumwa na kamshafti, na kutoka pale linatoka bomba la chuma, sio la mpira, lenye nati kwenye miisho yake. Weka kidole, ni bomba gumu kabisa kama la breki lakini nene zaidi. Ukiona hiyo pampu, hiyo ni D-4 hata kama kava ya juu imeondolewa au imewekwa ya gari nyingine. Na kinyume chake, ukiona pale juu ya hedi pamefunikwa kwa kibati na bolti ambazo hazifanani na nyingine, uliza kilichotolewa ni nini.

1JZ na 2JZ?

Zote pistoni ni milimita 86 na silinda sita mstari mmoja. 1JZ ina mwendo wa 71.5, cc 2491, 2JZ ina mwendo wa 86, cc 2997, na bloku ya 2JZ ni ndefu kwa milimita 14 kutoka krenki kwenda juu. Milimita 14 ni karibu upana wa kidole, kwa jicho lililozoea inaonekana, kwa jicho ambalo halijazoea ni bora usome namba.

Kwa turbo kuna njia ya mkato. 1JZ-GTE za mwanzo zina turbo mbili ndogo, zikaja kubadilishwa 1996 zikawekwa VVT-i na turbo moja. 2JZ-GTE ya kiwandani ni turbo mbili, yenye VVT-i na isiyo nayo. Kwaiyo ukiona VVT-i na turbo mbili za kiwandani kwa pamoja, hiyo haiwezi kuwa 1JZ. Shida ni kwamba wengi wanabadilisha turbo, kwaiyo angalia kama manifoldi ya eksozi ni ya chuma kilichomiminwa kiwandani au ni ya mabomba yaliyochomelewa.

Upande wa dizeli, 2L, 3L na 5L zinanichanganya.

Zinachanganya kila mtu. 2L ni cc 2446, 3L ni cc 2779, 5L ni cc 2986, na ukisimama mbele yake unaona injini moja. Hakuna ujanja, soma bloku. Na hapa uangalie sana maana watu wanahamisha hedi na pampu kati ya hizi, unakuta injini imesifiwa 5L kwa sababu ya kibandiko, kumbe bloku ni 3L.

1KZ-T na 1KZ-TE zinajulikana kwa pampu ya mafuta. Ya T ni ya mekaniki, waya wa pedeli ya mafuta unavuta lever ya pampu moja kwa moja. Ya TE pampu yake ina soketi za umeme na nguvu inaamuliwa na kontroli boksi.

1KD na 2KD, zote D-4D (yani dizeli za komoni reli): 1KD ni cc 2982 na turbo yake ina mota ya umeme pembeni yenye soketi, inayogeuza mapanga ya ndani. 2KD ni cc 2494 na za mwanzo zilitumia turbo ya kawaida isiyo na umeme. Lakini 2KD za baadaye zenye nguvu zaidi zilipewa turbo ya mapanga nazo, kwaiyo turbo ikiwa rahisi ni dalili ya 2KD, ila turbo ya mapanga peke yake haikuthibitishii 1KD.

Na 1HZ iliyopachikwa turbo sio 1HD-T. Zote ni cc 4164, silinda sita, ila 1HZ mafuta yanachomwa kwenye kichumba cha pembeni ndani ya hedi, 1HD inachoma moja kwa moja juu ya pistoni. Bloku itakwambia, 1HZ au 1HD. Ndani ya 1HD yenyewe, T ni ya valvu 12, FT ni ya valvu 24, FTE ni ya valvu 24 na pampu ya umeme.

Nitajuaje turbo ni ya kiwandani?

Fuata oili. Turbo inataka bomba jembamba la kuleta oili yenye presha na bomba nene la kurudisha oili chini. Kiwandani yale matundu yametobolewa na kusawazishwa, brakti zimekaa, mabomba yamepindwa vizuri. Ya kupachika utakuta ile sensa ya presha ya oili imeongezewa kipande cha T ili oili itokee hapo, na sampo (karai la oili chini ya injini) imetobolewa na kuchomelewa kibomba. Kupachika sio dhambi, ila bei na matumaini yako viendane na ulichokiona.

Cheni au belti?

Kava ya plastiki nyepesi, bolti ndogo, ndani pakavu: belti. Kava ya chuma iliyobandikwa kwa silikoni, bolti nyingi pembeni, chini inaungana na sampo: cheni. Haraka haraka hii inakutenganishia 4A, 3S na JZ za belti na NZ, ZZ na AZ za cheni.

Honda wanagonga kodi (herufi na namba za aina ya injini) nzima au nusu kama Toyota?

Honda wako wazi zaidi, kodi kama B18C au K24A imegongwa mbele ya bloku jirani na gia boksi. Shida ya Honda ni watu kuchanganya bloku ya hii na hedi ya ile, na kava nyekundu zinazouzwa peke yake. VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha kimo cha kufungua valvu) itafute kwenye hedi, kuna selonoidi imefungwa pembeni na soketi yake, kama haipo basi kava nyekundu haina maana. K20 na K24 zinapishana kimo, bloku ya K24 imepanda milimita 19.5 zaidi, hiyo unaiona hata ukiwa umesimama.

Subaru, BMW na VW kwa kifupi?

Subaru EJ: juu ya bloku kuna kodi, EJ20 au EJ25. Kamshafti moja au mbili unaona kwa upana wa plastiki za taimingi, zenye kamshafti mbili kila upande ni pana na zina puli mbili mbili.

BMW silinda sita: angalia mbele ya hedi. M50 ya mwanzo mbele ni bapa, M50TU ina uvimbe wa VANOS (kifaa cha BMW cha kubadilisha muda wa kamshafti) upande mmoja, M52TU na M54 zina kasha pana linalofunika kamshafti zote mbili. M54 tatu zinafanana sana, ila namba ya bloku inaanza na 226S1 kwa 2.2, 256S5 kwa 2.5 na 306S3 kwa 3.0.

VW 1.9 TDI: ukiona pampu yenye mabomba manne ya chuma yanayokwenda kwenye noza, hiyo ni ya zamani kama ALH. Usipoona hayo mabomba, noza zake zinajitengenezea presha zenyewe ndani ya hedi, hiyo ni PD. Hazibadilishani.

Injini ni yenyewe kabisa lakini haiingii kwenye gari, kwa nini?

Kwa sababu injini moja inaweza kutengenezwa ya kulala kwa upana kwa gari ya tairi za mbele, na ya kukaa kwa urefu kwa gari ya tairi za nyuma. 3S-GE ya Celica na ya Altezza ni mfano. Tazama sampo kina chake kiko mbele au nyuma, tazama mikono ya maunting, tazama njia ya maji inatokea upande gani. Na kwa gari zinazovuta tairi zote nne sampo inaweza kuwa na umbo lake peke yake ili shafti ipite. Peleka picha ya sampo yako ya zamani ukailinganishe.

Nanunua kwa mbali, niombe picha gani?

Omba namba ya bloku kwa karibu na mwanga wa pembeni, alafu picha ya pili ya sehemu hiyo hiyo kwa mbali ili uone kweli namba iko kwenye injini hiyo na sio nyingine. Omba upande wa taimingi, upande wa gia boksi, pande zote mbili za hedi, na juu kava ya plastiki ikiwa imetolewa. Sampo kwa chini. Soketi za waya. Muuzaji anayetuma picha tano za kava inayong'aa na hataki kutuma moja ya bloku, achana naye.

Bloku haina namba kabisa, ni ya wizi?

Sio lazima. Bloku mpya ya spea kutoka kiwandani inaweza kuja bila namba, fundi akahamishia vyote vya zamani. Hiyo sehemu bapa itakuwa safi, imesawazishwa na mashine, haijaguswa, na mwenye injini anatakiwa kuwa na karatasi za kazi hiyo. Bloku iliyofutwa ni tofauti: pana mikwaruzo ya grainda, pameingia ndani, na ukilaza tochi unaweza hata kuona mikia ya herufi zilizobaki. Hiyo usiichukue hata kama inawaka kwa pigo moja, maana siku ya kukaguliwa utakayetakiwa kujieleza ni wewe.